Vinyago vya Wabobo

Vinyago vya Wabobo ni vinyago vya kuvaa vinavyotumiwa katika ibada na sherehe za Wabobo, kabila linaloishi magharibi mwa Burkina Faso na katika maeneo ya jirani ya Mali. Baadhi ya vinyago hivyo hutengenezwa kwa majani mabichi, vingine kwa nyuzi za mimea, na vingine vina kichwa cha mbao kilichochongwa na wahunzi.

Nje ya Afrika vinajulikana zaidi vile vya mbao, kwa sababu ndivyo vinavyoweza kusafirishwa na kuhifadhiwa katika makumbusho. Kwa Wabobo wenyewe mpangilio ni tofauti: kinyago cha majani, ambacho hakidumu zaidi ya ibada moja, ndicho kilichotangulia vyote. Tofauti hiyo ni muhimu kwa yeyote anayetaka kuelewa kinyago cha mbao kinafanya kazi gani na kwa nini kimepewa sura iliyo nayo.

Maana ya neno

Katika Kiswahili neno "kinyago" hutumika kwa mambo mawili: sanamu yoyote ya kuchongwa, na kitu kinachofunika uso au kichwa cha mchezaji. Katika makala hii linatumika kwa maana ya pili.

Hata hivyo, kwa Wabobo, kama kwa makabila mengi ya Afrika Magharibi, kinyago si kipande cha mbao peke yake. Ni kichwa pamoja na vazi lote linalomfunika mchezaji kuanzia shingoni hadi miguuni, pamoja na mwendo wake, muziki unaomwongoza na nguvu inayoaminiwa kuwa ndani yake. Kichwa cha mbao kilichotundikwa ukutani bila vazi lake ni sehemu tu ya kinyago.

Wabobo na Wabwa

Wabobo huzungumza Kibobo, mojawapo ya lugha za Kimande. Eneo lao linaanzia karibu na mji wa Bobo-Dioulasso na kuelekea kaskazini hadi ndani ya Mali, upande wa mji wa San. Bobo-Dioulasso ni mji wa pili kwa ukubwa nchini Burkina Faso, na jina lake lina maana ya makao ya Wabobo na Wadioula. Wadioula ni Waislamu waliojulikana kwa muda mrefu kama wafanyabiashara wa safari za mbali.

Upande wa mashariki Wabobo wanapakana na Wabwa (au Wabwaba). Lugha ya Wabwa ni ya kundi la Kigur, hivyo haina uhusiano wa karibu na Kibobo. Lakini Wadioula waliwaita Wabobo "Bobo-Fing", yaani Wabobo weusi, na Wabwa wakawaita "Bobo-Oulé", yaani Wabobo wekundu. Maofisa wa kikoloni wa Ufaransa waliyachukua majina hayo, na kwa njia hiyo makabila mawili tofauti yakaandikwa kana kwamba ni matawi ya kabila moja.

Kosa hilo liliingia pia katika makumbusho. Vinyago vya ubao mrefu vilivyopakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, vyenye duara, pembetatu na mistari inayokatana, ni vya Wabwa na majirani zao, lakini kwa miaka mingi vilionyeshwa na kuuzwa Ulaya na Marekani kwa jina la "Bobo". Kuna jambo moja lililochangia mkanganyiko huo: makabila yote mawili yanatumia vinyago vya majani, na jina la nguvu inayoheshimiwa kupitia vinyago hivyo linafanana sana, Dwo kwa Wabobo na Do kwa Wabwa.

Jamii

Kwa asili Wabobo ni wakulima. Mazao yao makuu ya chakula ni mtama, uwele na mahindi. Wakati wa ukoloni pamba ilienea kama zao la biashara. Hawakuwa na mfalme wala dola kuu. Kila kijiji kilijitegemea, na mambo yake yaliamuliwa na wazee wa koo, huku mzee wa ukoo wa waanzilishi wa kijiji akipewa heshima ya pekee.

Ndani ya kijiji kuna wakulima, wahunzi, na watu wanaorithi kazi ya ngoma na uimbaji. Wahunzi wana nafasi isiyo ya kawaida. Wao hufua chuma, hutengeneza majembe na silaha, lakini pia ndio wachongaji wa vinyago, na mara nyingi ndio makuhani wa Dwo. Kwa hiyo mtu yuleyule anayempatia mkulima jembe la kuingilia porini ndiye anayesimamia ibada ya kurekebisha madhara yanayotokana na kuingia huko.

Imani

Kwa mujibu wa masimulizi ya Wabobo yaliyoandikwa na watafiti, ulimwengu uliumbwa na Wuro. Wuro hana umbo linaloweza kuelezwa, na hachongwi wala kuchorwa. Aliumba vitu kwa jozi zinazopingana na kusawazishana: kijiji na pori, mwanamume na mwanamke, joto na ubaridi. Binadamu wa kwanza alikuwa mhunzi. Alipoomba mwenzi wa kuishi naye, Wuro akaumba mkulima.

Uumbaji ulipokamilika, Wuro alijitenga na dunia ili asije akaharibu mizani aliyoiweka. Hakuwaacha watu peke yao. Aliwaachia Dwo, anayeitwa mwanawe, awe kiungo kati yake na binadamu. Pamoja na Dwo wanatajwa Soxo, roho ya pori na mimea, na Kwere, mwenye radi na adhabu.

Mizani ya Wuro ni dhaifu, na binadamu huivuruga hata pasipo nia mbaya. Mkulima anapofyeka pori ili apate shamba, anapokata mti au kuleta mavuno nyumbani, anavuka mpaka kati ya pori na kijiji. Anachukua kitu cha upande mmoja na kukipeleka upande mwingine. Bila kulima hakuna chakula, kwa hiyo kosa hilo haliepukiki. Kinachowezekana ni kulirekebisha kila mwaka. Kazi hiyo ya kurekebisha ndiyo kazi ya Dwo, na Dwo huonekana kwa watu katika kinyago.

Aina za vinyago

Vinyago vya majani

Hivi ndivyo vya kwanza. Inaaminiwa kwamba Wuro mwenyewe alimpa binadamu kinyago cha kwanza kikiwa cha majani. Vinapatikana kwa Wabobo wote, wakati aina nyingine hutofautiana kutoka kijiji hadi kijiji na ukoo hadi ukoo.

Hutengenezwa porini, mbali na macho ya wanawake na watoto. Vijana hukusanya matawi na mizabibu ya porini, kisha humfunga mchezaji mwili mzima hadi asionekane ngozi wala uso. Kinachoingia kijijini ni kama kichaka kinachotembea: pori limekuja lenyewe kwa watu. Baada ya ibada kinyago huharibiwa. Hakirithiwi wala hakiuzwi, na kwa sababu hiyo karibu hakionekani katika mikusanyo ya sanaa.

Vinyago vya nyuzi

Vinyago vya nyuzi vinahesabiwa kuwa vilikuja baadaye kuliko vya majani. Mwili wote wa mchezaji hufunikwa kwa nyuzi nene za mimea, na kichwa hushonwa kwa nyuzi zilezile kama kofia inayoshuka hadi mabegani, mara nyingine kikiwa na kishungi juu. Tofauti na majani, nyuzi hudumu, hivyo vazi moja linaweza kutunzwa na kutumika tena.

Vinyago vya mbao

Kinyago cha mbao ni kichwa kilichochongwa na kuunganishwa na vazi la nyuzi. Miongoni mwa vile vitakatifu vinavyojulikana zaidi kuna molo na nwenke.

Molo ni kinyago kikubwa kinachofunika kichwa chote kama kofia ya chuma ya askari. Uso wake ni mrefu na mwembamba kuelekea chini, paji limetokeza, pua imenyooka kama kipande cha ubao, na mdomo umechomoza mbele. Juu yake husimama pembe ndefu. Ukubwa na uzito wake vinamlazimu mchezaji kuwa kijana mwenye nguvu na aliyezoezwa.

Nwenke ni kinyago cha uso. Nacho kina uso mrefu wenye pande zilizonyooka na pua ya pembe nne, na kwa kawaida huwa na sehemu iliyoinuka juu ya paji.

Jambo linaloonekana katika vinyago vyote viwili ni kwamba havionyeshi mtu wala mnyama fulani. Ukitazama molo utaona kitu cha nyati au korongo katika pembe zake na kitu cha binadamu katika pua na macho yake, lakini mchongaji hakukusudia picha ya mojawapo. Nguvu inayowakilishwa haina sura ya kawaida, hivyo uso wake umechongwa kwa mistari iliyonyooka na kingo kali badala ya mashavu, ngozi na nywele.

Vinyago vya burudani

Kundi jingine huitwa bolo. Vinyago hivi havina utakatifu wa molo na nwenke, na wachongaji wana uhuru zaidi wa kuvitengeneza. Vipo vya kondoo dume, jogoo, nyani na wanyama wengine, na pia vya watu wanaotaniwa katika michezo. Hapa sura ya mnyama hutambulika mara moja, kwa sababu lengo ni kufurahisha na kuchekesha. Wageni wanaohudhuria sherehe za hadhara aghalabu huona vinyago vya kundi hili.

Utengenezaji

Mti unaotumika sana kuchonga vinyago katika ukanda huu ni msufi (Ceiba pentandra), unaojulikana pia Afrika Mashariki kwa sufi yake ya kujazia mito na magodoro. Mbao yake ni nyepesi na laini, jambo linalomfaa mchezaji anayebeba kinyago kirefu kichwani kwa muda mrefu. Ubaya wake ni kwamba huliwa upesi na wadudu. Kwa sababu hiyo kuna desturi ya kuloweka vinyago ndani ya maji ya kinamasi au mto kwa muda ili wadudu waliomo wafe, kisha kuvikausha na kuvipaka rangi upya.

Mhunzi huchonga kwa tezo, na hutumia kisu kwa sehemu ndogo. Rangi za asili ni tatu. Nyeusi hupatikana kwa kuchemsha maganda ya mbegu za mgunga (Acacia nilotica) hadi maji yanakuwa mazito kama lami. Nyekundu hutoka katika mawe yenye chuma yaliyosagwa. Nyeupe hutokana na udongo mweupe, na zamani pia ilitokana na kinyesi cha mijusi kilichokusanywa na kusagwa. Unga wa rangi huchanganywa na ulimbo wa miti au yai ili ushike kwenye mbao. Nyeusi ya mgunga hustahimili maji, lakini nyekundu na nyeupe hutoka kinyago kinapolowekwa, hivyo hupakwa tena kabla ya msimu mpya. Siku hizi rangi za dukani hutumika sana.

Nyuzi za mavazi hutolewa katika Hibiscus cannabinus, mmea wa jamii moja na choya. Mashina yake huvunwa, hulowekwa katika madimbwi hadi yaoze, kisha hupigwa na kuoshwa ili zibaki nyuzi tupu zinazofanana na katani. Nyuzi hizo hutiwa rangi na kufungwa kwenye wavu unaomfunika mchezaji. Vazi moja huhitaji mzigo mkubwa wa nyuzi, na kulitayarisha ni kazi ya watu wengi. Zamani rangi zilitokana na mimea na madini. Sasa rangi za viwandani zimeleta mavazi yenye rangi kali zaidi, kama vile zambarau na kijani.

Matumizi

Vinyago hutoka hasa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno na kabla ya mvua za kwanza, wakati kazi za shamba zimepungua. Kuna nyakati kuu tatu.

Ibada za mwaka

Mavuno yanapoingia kijijini, vinyago hutoka ili kurekebisha mpaka uliovukwa kati ya pori na makazi. Mwishoni mwa kiangazi, kabla ya watu kurudi mashambani, vinyago vya majani hupita kijijini kusafisha. Vinapopita katika njia na mbele ya nyumba, inaaminiwa kwamba vinazoa uchafu wote uliojikusanya katika mwaka: ugomvi, makosa, maradhi na mikosi. Kinyago kinapoharibiwa baadaye, uchafu huo unaondoka pamoja nacho.

Jando

Ibada za kuwaingiza wavulana katika utu uzima huendelea kwa hatua nyingi katika muda wa miaka kadhaa. Mtoto hukua akivikimbia vinyago, kwa kuwa baadhi hubeba fimbo na mijeledi na huwafukuza watu. Katika hatua za jando anafikishwa porini, anapigwa, anavumilia, na hatimaye anafunuliwa kwamba ndani ya kinyago kuna mtu. Tangu hapo anapaswa kuitunza siri hiyo, na kwa zamu yake atajifunza kutengeneza vinyago, kuvivaa na kuvicheza.

Ugunduzi huo hauchukuliwi kama kufichua udanganyifu. Mafundisho ya jando ni kwamba Dwo ni wa kweli, na kwamba binadamu amepewa kazi ya kumbeba. Kijana anayejua siri hawi tena mtazamaji. Anakuwa mmoja wa wanaowajibika kwa ustawi wa kijiji.

Mazishi

Vinyago hutoka pia katika mazishi na matanga ya wazee, hasa ya makuhani wa Dwo na watu waliokuwa na nafasi katika ibada. Humsindikiza marehemu kutoka kwa walio hai kwenda kwa mababu, nao ni mpaka mwingine unaohitaji kuvukwa kwa utaratibu.

Muziki

Hakuna kinyago kinachocheza bila muziki. Ngoma na marimba (balafoni) ndizo ala kuu, na Bobo-Dioulasso ni mji unaosifika kwa wapigaji wake wa marimba. Mpigaji huongoza hatua za mchezaji, na watazamaji wanaojua midundo hutambua mara moja kama mchezaji ameikosea.

Siri na wanawake

Kwa desturi wanawake na watoto ambao hawajapita jando hawaruhusiwi kujua namna vinyago vinavyotengenezwa wala nani anavivaa. Hata hivyo wanawake hawako nje ya jambo hili kabisa. Wao hupika chakula na kutengeneza pombe ya mtama ya sherehe, huimba na kushangilia, na bila wao hakuna sherehe inayokamilika. Katika kijiji ambamo kila mtu anamfahamu mwenzake kwa mwendo na sauti, siri ya kinyago ni zaidi ya habari iliyofichwa: ni adabu ambayo kila mmoja anatazamiwa kuishika, na kuitangaza hadharani ni kosa.

Historia

Umri wa vinyago vya Wabobo hauwezi kupimwa kwa vitu vilivyobaki, kwa kuwa majani hayadumu na mbao huliwa na mchwa. Vichwa vya mbao vilivyoko katika makumbusho vingi ni vya karne ya 19 na ya 20.

Katika karne ya 18 watawala wa ukoo wa Ouattara kutoka Kong, katika Cote d'Ivoire ya leo, walipanua nguvu zao hadi eneo la Bobo-Dioulasso. Mwaka 1897 Wafaransa waliuteka mji huo. Miaka ya 1915 na 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vijiji vingi vya eneo lililo kati ya mto Mouhoun (Volta Nyeusi) na mto Bani viliinuka dhidi ya utawala wa Kifaransa. Uasi huo ulizimwa kwa mizinga, na vijiji vingi vilichomwa moto.

Koloni la Volta ya Juu liliundwa mwaka 1919, likavunjwa mwaka 1932 na kurudishwa mwaka 1947. Nchi ilipata uhuru tarehe 5 Agosti 1960, na mwaka 1984, chini ya Thomas Sankara, ilibadilishwa jina kuwa Burkina Faso.

Uislamu na Ukristo

Uislamu umekuwepo Bobo-Dioulasso kwa muda mrefu, hasa kupitia Wadioula na Wazara. Mtafiti Mmarekani René Bravmann, mwandishi wa kitabu kuhusu Uislamu na sanaa za Afrika Magharibi kilichotolewa mwaka 1974, alionyesha kwamba uhusiano kati ya dini hiyo na vinyago haukuwa wa upinzani mtupu. Alieleza jinsi Wazara Waislamu wa mji huo walivyokuwa na vinyago vyao vya nguo nyeupe vilivyochezwa usiku wa mwezi wa Ramadhani. Pamoja na hayo, wahubiri wengi wa Kiislamu wamevikataa vinyago kuwa ni ushirikina.

Ukristo ulifika na wamisionari Wakatoliki wa shirika la Wamisionari wa Afrika (White Fathers), ambalo lilifanya kazi pia Tanganyika na Uganda. Wamisionari wa kwanza walitaka wabatizwa waachane na jando na vinyago. Baadaye swali hilo lilijadiliwa upya na Wabobo wenyewe. Anselme Titianma Sanon, Mbobo aliyekuwa askofu wa Bobo-Dioulasso kuanzia miaka ya 1970, kisha askofu mkuu hadi mwaka 2010, aliandika kwa kina kuhusu jando la watu wake kama njia ya kuelewa malezi ya imani ya Kikristo.

Utafiti

Kazi kuu kuhusu mada hii ni kitabu cha mwanaethnolojia Mfaransa Guy Le Moal, kilichotolewa mwaka 1980 kuhusu asili na kazi ya vinyago vya Wabobo. Le Moal alieleza vinyago kama sehemu ya mfumo mzima wa dini na kilimo badala ya kuvitazama kama vitu vya sanaa tu.

Mwanahistoria wa sanaa Christopher D. Roy wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alichapisha mwaka 1987 kitabu kuhusu sanaa za mabonde ya mito ya Volta. Alirekodi pia filamu nyingi za sherehe za vinyago nchini Burkina Faso. Kazi yake ilisaidia kutenganisha vinyago vya Wabobo, Wabwa, Wanuna, Wamossi na wengine ambavyo awali vilichanganywa.

Biashara, wizi na makumbusho

Mahitaji ya sanaa ya Kiafrika huko Ulaya na Amerika Kaskazini yaliongezeka sana katika karne ya 20. Vichwa vya mbao vilitoka vijijini kwa njia mbalimbali: vingine viliuzwa na wenyewe wakati wa njaa au baada ya kubadili dini, vingine vilichukuliwa na maofisa na wakusanyaji, na vingine viliibwa. Mara nyingi mnunuzi alichukua mbao na kuacha nyuzi, kwa sababu vazi ni zito, hushika wadudu na halikuhesabiwa kuwa sanaa. Ndiyo maana vinyago vingi katika makumbusho vina matundu kwenye ukingo wa chini yasiyo na kazi inayoonekana: ndipo vazi lilipofungwa.

Kwa kijiji, kuibiwa kinyago kitakatifu si hasara ya mali tu. Ibada inayokihitaji inaweza kusimama, na wazee waliokabidhiwa kukitunza hubeba lawama. Mhunzi anaweza kuchonga kingine, lakini kinyago kipya hakina nguvu mpaka kifanyiwe ibada zake.

Mwaka 1970 UNESCO ilipitisha mkataba wa kuzuia biashara haramu ya mali za kitamaduni, na Burkina Faso ni mojawapo ya nchi zilizojiunga nao. Mjadala wa kurudisha vitu vilivyoko Ulaya ulipata nguvu mpya tarehe 28 Novemba 2017, wakati rais wa Ufaransa Emmanuel Macron, akihutubia katika chuo kikuu cha Ouagadougou, alipoahidi kuweka mazingira ya kurudisha urithi wa Afrika ndani ya miaka mitano. Mwaka uliofuata Felwine Sarr wa Senegal na Bénédicte Savoy wa Ufaransa walitoa ripoti iliyopendekeza kurudishwa kwa vitu vilivyochukuliwa bila ridhaa ya wenyewe.

Ulinganisho na mapiko

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaweza kulinganisha vinyago hivi na mapiko ya Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Mapiko pia huchongwa kwa mbao nyepesi, hufunika kichwa, huvaliwa pamoja na vazi linaloficha mwili mzima, na huhusiana na jando. Huko pia wanawake na watoto waliambiwa kwamba anayecheza si mtu. Tofauti inayoonekana upesi iko usoni: mapiko mengi yana sura halisi ya binadamu, yakiwa na chale, nywele na midomo, wakati molo na nwenke huepuka kufanana na mtu yeyote. Makabila haya mawili hayana uhusiano wa karibu wa kihistoria.

Hali ya sasa

Vinyago vinaendelea kutumika. Vijijini ibada hufanyika pale ambapo wazee na makuhani wapo na vijana wanaojifunza wapo; mahali pengine zimepungua kwa sababu ya dini mpya, shule na vijana kuhamia mijini. Kwa kuwa ratiba ya shule haifuati ratiba ya jando, baadhi ya jamii hufupisha hatua zake au kuzipanga wakati wa likizo.

Serikali na vyama vya kiraia vimeanzisha maonyesho ya hadhara. Wiki ya Kitaifa ya Utamaduni, iliyoanza mwaka 1983, hufanyika Bobo-Dioulasso. Tamasha la kimataifa la vinyago na sanaa, FESTIMA, limekuwa likifanyika mjini Dédougou tangu mwaka 1996 na hukusanya vinyago vya makabila na nchi mbalimbali. Matamasha haya huwapa vijana sababu ya kujifunza kucheza na huwaletea wachongaji kipato. Lakini kila jamii inapaswa kuamua ni kinyago kipi kinaweza kuonyeshwa kwa wageni na kipi kibaki kijijini, na si wazee wote wanaokubaliana.

Tangu mwaka 2015 Burkina Faso imekumbwa na mashambulizi ya makundi yenye silaha, na maeneo ya magharibi hayakusalimika. Kufikia mwaka 2023 idadi rasmi ya watu waliohama makazi yao ndani ya nchi ilikuwa imepita milioni 2. Kijiji kinapohamishwa, watu wanaweza kukimbia na kichwa cha mbao, lakini hawawezi kukimbia na pori yanakochumwa majani, kinamasi cha kulowekea nyuzi, wala makaburi ya mababu ambao kinyago huwasindikiza. Kwa hiyo uhai wa vinyago vya Wabobo unategemea usalama wa mahali pao kuliko unavyotegemea uhifadhi wa vitu vyenyewe.